Roho haina gramu 21: ushauri wa muuguzi kwa wanaobishana juu ya kifo

Siku hizi karibu kila msiba ninaohudhuria una ubishi uleule. Kahawa inazunguka, wazee wamekaa upande wao wa turubai, vijana wa chuo upande wao, mara mmoja anachokoza: "Hivi kweli mtu akishakufa kuna kinachobaki?" Haipiti robo saa, sauti zimepanda. Huyu anatoa aya ya Kurani, yule anasoma Biblia kwenye simu, kijana aliyesoma sayansi anasema ubongo ukizima habari imekwisha. Mjane yuko ndani, mlango uko wazi, anasikia kila neno.

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa chumba cha wagonjwa mahututi. Nimelelewa Tanga katika ukoo wa mchanganyiko: wajomba zangu ni Waislamu, upande wa baba ni Walutheri, na mimi nasali kanisani. Nimefumba macho na kufunga taya za watu wa dini zote, na wa wasio na dini. Kwa hiyo ninachowaomba pande zote mbili nakisema kwa uzito: acheni kubishana kana kwamba swali ni moja. Lini mtu amekufa ni swali la daktari. Kinachofuata baada ya kufa ni swali la imani. Katikati kuna la tatu, anapitia nini mtu wakati anakufa, na hilo ndilo linalotugombanisha, kwa sababu kila upande unataka kulichukua ukashindie lile la imani.

Chukua ule ujumbe wa gramu 21 unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mjomba wangu mmoja, mwalimu wa madrasa, alinionyesha akiwa amefurahi sana. "Soma hapa mwanangu, wazungu wamepima roho." Nikamwambia, "Mjomba, hiyo usiiegemee," nikamsimulia ilivyokuwa.

Mwaka 1907 daktari mmoja wa Massachusetts, Marekani, jina lake Duncan MacDougall, alichapisha matokeo ya kupima watu wakiwa wanakufa. Alitengeneza kitanda kilichokaa juu ya mizani, akawalaza wagonjwa waliokwisha kukata tamaa ya kupona, wengi wao wa kifua kikuu, akakaa kungoja pumzi ya mwisho. Wagonjwa wenyewe walikuwa 6 tu. Wawili ilibidi awatoe kwenye hesabu kwa sababu upimaji haukwenda sawa. Mmoja ndiye aliyepungua kiasi cha gramu 21, na hao wengine walipungua viwango visivyolingana, tena si kwa wakati mmoja. Akapima na mbwa 15, hawakupungua, akaona ndiyo dalili kwamba mbwa hawana roho. Mwaka huohuo daktari mwenzake, Augustus Clarke, alimjibu kwamba mapafu yakisimama damu haipozwi tena na hewa, ngozi hupata joto kidogo na jasho hutoka, nalo ndilo hupunguza uzito. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama binadamu. Hakuna aliyewahi kurudia upimaji ule kwa watu wa kutosha akapata namba ile.

Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo unasema roho haipo?"

"Sijasema hivyo, mjomba. Nimesema ile mizani haikuipima."

Ndipo yeye mwenyewe akaikumbuka Suratul Israa, aya ya 85, pale Mtume anapoulizwa habari za roho na kuamriwa ajibu kwamba ni jambo la Mola wake, na kwamba wanadamu hawakupewa elimu ila kidogo. Akafuta ule ujumbe. Namheshimu sana kwa hilo, na ndilo ninalowashauri waumini wenzangu: usiiegemeze imani yako kwenye kipimo cha kubahatisha. Siku kijana atakapokuonyesha kwamba kipimo kilikuwa kibovu, mwanao anayekusikiliza ataona na imani imeanguka nacho.

Vijana nao nina lao. Mpwa wangu hupenda kutaja utafiti wa Jimo Borjigin, mtafiti wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Ni utafiti wa kweli na ni mzuri. Mwaka 2013 timu yake iliangalia ubongo wa panya 9 baada ya moyo kusimama, ikakuta kwamba ndani ya nusu dakika ya kwanza ubongo, badala ya kuzima kama taa, ulitoa mawimbi ya umeme yenye mpangilio na nguvu. Mwaka 2023 wakachapisha ya watu 4 walioondolewa mashine ya kupumulia, na wawili kati yao walionyesha mawimbi ya namna hiyo. Mpwa anahitimisha: yale wanayosimulia waliokaribia kufa, ya kuona mwanga na marehemu wa ukoo, ni umeme wa ubongo tu, akhera hakuna.

Hitimisho hilo ni kubwa kuliko utafiti wenyewe. Wale wagonjwa 4 walifariki wote, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza aliona nini au kama aliona chochote. Na hata tukijua ubongo unafanya nini mtu anapoona kitu, bado hatujajibu kama kitu chenyewe kipo au hakipo. Ukimwangalia mama yako, ubongo wako unatoa umeme pia, na mama yupo.

Upande wa pili, waumini wengi hukimbilia simulizi za watu waliosimama moyo wakarudi. Hizo nazo zimechunguzwa. Daktari wa moyo wa Uholanzi, Pim van Lommel, na wenzake walichapisha mwaka 2001 habari za wagonjwa 344 waliorudishwa baada ya moyo kusimama. 62 walieleza mambo ya namna hiyo, na waliobaki, ambao ndio wengi, hawakukumbuka kitu. Daktari Sam Parnia naye aliongoza utafiti uliotolewa mwaka 2014, wenye matukio 2,060 katika hospitali 15 za Uingereza, Marekani na Austria. Waliweka rafu karibu na dari, na juu yake picha zinazoonekana na aliye juu peke yake, ili mtu akidai ameelea juu ya mwili wake aulizwe aliona picha gani. Waliookoka wakaweza kuhojiwa walikuwa 140. Aliyeeleza kwa usahihi yaliyofanyika akiwa hana fahamu alikuwa mmoja, na alipozimia palikuwa hapana rafu. Basi, pakaishia hapo.

Mimi nimewasikia wagonjwa waliorudi. Mmoja aliniambia alimwona bibi yake akimfukuza, "Rudi, siku yako bado." Sikumbishia na sikumtangaza. Nilimpa maji, nikamsikiliza. Nchini India watafiti wamekusanya simulizi za watu wanaosema walichukuliwa na wajumbe wa mauti kimakosa badala ya mtu mwingine, wakarudishwa. Kila mtu anarudi na sura za kwao. Ila wote hao wamerudi. Ubongo wao haukuwa umekufa. Waliolala mochwari hawajatusimulia kitu, na sayansi haina chombo cha kuwafikia. Hapo ndipo daktari anaponyamaza, na muumini anasema kwa imani, na aseme hivyo bila haya.

Pale ambapo ubishi huu unaumiza watu hasa ni kitandani, kabla hata ya turubai. Kijana amegongwa na pikipiki, yuko kwenye mashine ya kupumulia. Madaktari wanasema ubongo umekufa. Mama anamshika mkono, mkono una joto, kifua kinapanda na kushuka, moyo unapiga. Mnamwambiaje mama huyu kwamba mwanawe amefariki?

Kwanza, mjue tofauti ya koma na kifo cha ubongo. Aliye kwenye koma ubongo wake bado unafanya kazi kiasi, na wengine hurudi. Kifo cha ubongo, kama kilivyoelezwa na kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1968 na kuboreshwa baadaye, ni ubongo wote kuzima bila kurudi. Madaktari hawakisii. Wanammulika machoni waone kama mboni inasinyaa. Wanagusa jicho kwa pamba waone kama atapepesa. Wanamwaga maji ya barafu sikioni waone kama macho yatasogea. Mwisho wanaacha kumpumulia kwa dakika kadhaa, oksijeni ikiendelea kuingia, waone kama atavuta pumzi mwenyewe hata mara moja. Ndugu wana haki ya kuuliza vipimo hivi vimefanywa na nani na lini. Ulizeni.

Na muwe tayari kwa jambo moja. Vidole vyaweza kucheza, hata mkono ukainuka, kwa sababu uti wa mgongo una mienendo yake isiyohitaji ubongo. Mimi huwaambia ndugu mapema, kabla ya vipimo, kwa kuwa nimeshaona familia ikipiga vigelegele vya muujiza na kesho yake ikaanguka upya kwa kilio.

Dini hapa haiko upande wa pili kama watu wanavyodhani. Papa Pius wa 12, mwaka 1957, aliwaambia madaktari wa usingizi kwamba kuamua lini mtu amekufa ni kazi ya daktari, na kwamba mtu halazimiki kuendelezwa kwa njia zisizo za kawaida. Papa John Paul wa Pili mwaka 2000 alikubali kipimo cha kifo cha ubongo. Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikaa Amman mwaka 1986 ikasema ubongo ukizima kabisa, na madaktari bingwa wakathibitisha kwamba haurudi, huyo ameshakufa kisheria ya dini hata kama moyo unapigishwa na mashine. Wapo wanazuoni wasioafiki, na shekhe wako anaweza kuwa mmoja wao, ndiyo maana muulizeni yeye na daktari kwa pamoja, chumba kimoja. Mkiwauliza mbalimbali mtarudi na majibu mawili na ukoo umegawanyika.

Tena anayesema "dini inasema" amalizie, dini ipi. Wasabato wanashika Mhubiri 9:5, wafu hawajui neno lolote, wamelala hadi ufufuo. Walutheri wenzangu wengi watakujibu kwa tajiri na Lazaro wa Luka 16, habari inayoonyesha wafu wakiwa na fahamu. Mkatoliki ana toharani, pa kutakaswa baada ya kufa, Mwislamu ana barzakh, yaani maisha ya kati kabla ya kiyama, na maswali ya kaburini. Nimeona ndugu wa kanisa moja wakikorofishana juu ya hili zaidi ya walivyokorofishana na daktari. Ukilijua hilo unapunguza ukali.

Kuna mahali ambapo mila zetu na maabara zimekutana, nami napaegemea kila zamu. Mwaka 2020 watafiti wa Vancouver, Kanada, walipima ubongo wa wagonjwa waliokuwa saa za mwisho, hawaitikii tena. Baadhi yao ubongo ulipokea sauti karibu sawa na watu wazima wa afya. Watafiti walikuwa waangalifu: kusikia kumeonekana, kuelewa hakujathibitishwa. Lakini Mwislamu amekuwa akimlakinia ndugu yake shahada sikioni, yaani kumtamkia ili aifuatishe, tangu zamani, na Mkristo akimwimbia mgonjwa tenzi. Ndugu akiniuliza, "Sista, ananisikia?" namjibu, "Huenda anasikia, sema naye." Namsogezea kiti karibu na kichwa. Sihitaji kumwambia zaidi ya ninachokijua.

Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa mahututi, mwite shekhe, padri au mchungaji mapema, siku anapoingizwa wodini, usingoje daktari akwambie hali ni mbaya. Bomba la kupumulia likishaingia kooni hataweza kutamka shahada, kuungama wala kusema deni analodaiwa. Watu huchelewa kwa kuogopa kwamba kumleta kiongozi wa dini ni kumtakia kifo, nami nimeona majuto ya uchelewaji huo mara nyingi. Mwambie muuguzi wa zamu kwamba mnamhitaji. Kwenye wodi nilizofanyia kazi tunampa nafasi hata nje ya saa za kuona wagonjwa, tunavuta pazia, na tukiweza tunachelewesha dawa za kumlaza mgonjwa usingizi hadi kiongozi amalize.