Jibu: Torres alipotelea wapi baada ya Chelsea?

Mkuu umeuliza Fernando Torres, yule mshambuliaji wa Hispania, alipotelea wapi na kama aliwahi kubeba kombe kubwa na Atletico. Hakupotea bana. Alipita Milan kwanza, goli moja mechi kumi, hayo tuyaache, halafu Januari 2015 akarudi nyumbani Atletico Madrid, timu iliyomwibua 2001 ikiwa daraja la pili na ikampa kitambaa cha ukapteni akiwa na miaka 19 tu. Kombe alilipata 2018, Europa Ligi, walimpiga Marseille 3-0, yeye aliingia dakika za lala salama lakini kapteni Gabi akamwita wakalinyanyua pamoja. Akamalizia Japani, Sagan Tosu, na mechi yake ya mwisho 2019 wakapigwa 6-1 na timu ya Mhispania mwenzake Iniesta, dah!

Chelsea watu wanamcheka sababu ya zile pauni milioni 50 walizomnunulia, ila wanasahau nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa 2012 Camp Nou, uwanja wa Barcelona, kaingia kumpokea Drogba, Barca wote wako mbele wanatafuta goli, akakimbia na mpira peke yake nusu uwanja, akampiga chenga kipa Valdes, kamba. Mimi lakini Torres wangu ni yule wa Liverpool kabla ya Chelsea, magoli 24 ya ligi msimu wa kwanza tu.