Muulize Mjomba: Hiyo freking ikija ziwani kwetu tutapona?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi nauza dagaa hapa Igombe, Mwanza. Juzi shemeji yangu aliyepata kibarua kwenye bomba la mafuta kule Geita kaja na video kwenye simu, mtu yuko Marekani anafungua bomba la jikoni, anasogeza kiberiti, maji yanawaka moto! Akasema hiyo ndo freking na bomba lao ndo linaileta huku. Toka siku hiyo mama hataki hata kusogelea kisima. Ni kweli? Na sheria zetu zinatulinda au ndo basi tena? – Mpwa wako, Igombe

JIBU: Marahaba mpwa. Mwambie mama achote maji yake, ayachemshe kama siku zote.

Shemeji kachanganya madesa. Lile bomba linatoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani Tanga, kilomita 1,443, kazi yake kusafirisha mafuta ghafi yakiwa yamepashwa moto yasigande njiani. Likivuja ni msiba, sikatai, ila sio freking. Freking ni kupasua mwamba, yani wanachimba kwenda chini weee alafu kisima wanakilaza ubavu ndani ya mwamba wa tope lililogandamana, wanasukuma humo mamilioni ya lita za maji na mchanga na kemikali kwa presha mpaka mwamba unapata nyufa, ule mchanga unabaki umezishikilia zisijifunge, gesi inapita. Sasa we angalia jiwe la Bismarck pale ziwani na yale mawe yaliyobebana kule Mabatini. Hiyo ni granaiti, utakamua gesi gani humo? Hata gesi yetu ya Songosongo na Mnazi Bay inatoka kwa presha yake yenyewe, bila kupasua mwamba.

Ila swali lako la sheria ndo tamu. Marekani mwaka 2005 walipitisha sheria ya nishati ikaitoa freking kwenye usimamizi wa sheria ya maji ya kunywa, isipokuwa wakitumia dizeli. Wanakijiji wakiuliza mmemwaga nini humo chini wanajibiwa ni siri ya biashara, mpaka 2010 jimbo la Wyoming likawa la kwanza kulazimisha kampuni zitaje kemikali zao. Ufaransa hawakutaka longolongo, 2011 wakapiga marufuku.

Na yale maji yanayowaka, ugomvi wake uko hivi: kuna visima vya maji vilikuwa na gesi tangu enzi za mababu, na kuna vingine gesi ilipenya kwasababu saruji ya kuzibia kisima cha kampuni ilikuwa mbovu. Kama hakuna aliyepima kabla, nani atajua kipi ni kipi? Pennsylvania wakaja na dawa naipenda sana mimi, sheria yao ya 2012 inasema kisima chako cha maji kikiharibika na kiko ndani ya futi 2,500 (kama mita 760 hivi) kutoka kisima chao cha gesi, ndani ya miezi 12 tangu wamalize kazi, kampuni ndo inahesabiwa imekosa mpaka ijitetee yenyewe. Unaona walivyoupindua mzigo? Kampuni saa hizi zinakimbilia zenyewe kupima maji ya majirani kabla hazijachimba, maana bila kile kipimo zimekwisha.

Sisi tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, sio mbaya hata kidogo. Inataka tathmini ya athari kabla ya mradi, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na inakupa wewe muuza dagaa haki ya kwenda mahakamani. Shida ukifika huko utaulizwa, maji yalikuwaje kabla? Hapo ndo pa kukaza, tena sio kwa ajili ya freking, ni kwa ajili ya zebaki na sayanaidi kwenye mialo ya dhahabu (neno ni lilelile na mwalo wako wa dagaa, ila ule unaosha mchanga wa dhahabu). Mvua kubwa ikipiga, yale matope ya marudio (mabaki ya mchanga ulioshaoshwa dhahabu) yanaenda wapi kama sio mtoni alafu ziwani?

Kwaiyo msisubiri Dodoma. Pigeni mchango hapo mtaani, mwende maabara ya Wizara ya Maji hapohapo Mwanza, muombe chupa zao, msipeleke ya soda, mpime kisima sasahivi kikiwa kizima na karatasi akae nayo mwenyekiti wa mtaa. Mchango aanze shemeji, si ndo kaleta video.