Cherehani ya bibi ilishikwa na alizeti

Cherehani ya kwanza niliyoifufua ilikuwa ya bibi: Singer nyeusi ya kukanyaga, iliyokaa stoo Singida zaidi ya miaka kumi ikiwa imefunikwa gunia. Gurudumu halikusogea hata kidogo. Mafundi wawili walishaitazama wakasema hiyo ni ya kuuza kwa kilo. Kumbe kilichoishika ni alizeti. Bibi alikuwa akiitilia mafuta ya kupikia kila alipoona inalia, na mafuta ya alizeti yakikaa hewani hukauka yakawa gundi ya kahawia. Ndani hakikuvunjika kitu.

Tangu hapo nimefungua kumi na moja, na moja tu ndiyo ilikuwa imekufa kweli, ilianguka mwili ukapasuka. Nyingine zote zilikuwa na mafuta yaliyoganda, au uzi. Kwa hiyo ukiletewa iliyogoma, koleo liweke mbali. Toa sindano, toa bobini na kikombe chake, umulike na tochi. Kipande cha uzi kilichojisokota humo ndani kinatosha kufunga mashine nzima, na ukilazimisha gurudumu ndipo unapovunja.

Kama si uzi, basi ni gundi. Mimi huanza na joto: draya ya nywele, naazima kwa dada yangu mwenye saluni, dakika chache kila sehemu chuma kinaposugua chuma. Ikishapoa ndipo natia mafuta ya taa, tone moja moja kwenye kila tundu la mafuta. Usivichanganye hivyo viwili kwa wakati mmoja kama unaipenda nyumba yako. Kisha acha ilale. Kesho yake tikisa gurudumu mbele na nyuma, upana wa kidole tu, uongeze mafuta ya taa, uache tena. Ya bibi ilinichukua siku tano. Siku ya nne nilitaka kuchukua nyundo, nakiri. Ikilegea, futa uchafu wote unaotoka, halafu tia oili ya cherehani yenyewe. Mafuta ya taa yanaosha tu, hayalainishi.

Skrubu za zamani zina mfereji mwembamba. Bisibisi la dukani halizami, linateleza na kula kichwa cha skrubu. Nina moja niliyolisaga kwa tupa mpaka likaingia sawasawa, na silimwazimi mtu. Kila unachofungua kipige picha kwa simu, hasa ile washa (pete bapa ya chuma) yenye masikio iliyo nyuma ya kitufe cha gurudumu. Ukiirudisha kinyume, gurudumu halitajitenga unapojaza bobini, na utadhani umeharibu kitu kikubwa. Igeuze tu.

Ikizunguka lakini inaruka mishono, kabla hujagusa kitu kingine badilisha sindano na uangalie imekaaje. Uzi unaingilia upande wenye mfereji mrefu. Nusu ya "ubovu" ninaoletewa huishia hapo.

Kwenye kununua, tazama namba iliyogongwa kwenye mwili. Ya bibi inaanza na EJ, maana yake ilitengenezwa Clydebank, Scotland, miaka ya 1950. Kiwanda kile kilifungwa 1980. Na muuzaji akianza kukunong'oneza habari za zebaki nyekundu, kitu cha kufikirika kinachodaiwa kuwa na thamani kubwa, aga uondoke. Uvumi huo uliwahi kuvuma Saudi Arabia mwaka 2009, watu wakanunua Singer kuukuu kwa maelfu ya riyali wakiamini kuna zebaki ndani. Hakuna. Kuna oili, vumbi, na wakati mwingine mende.

Zenye mota ya umeme ni habari nyingine. Waya za zamani zina mpira uliokauka unaomeguka ukiukunja, kwa hiyo usichomeke kwenye soketi ili "kujaribu tu." Badilisha waya kwanza, na kama umeme si fani yako mpe fundi umeme.

Sasa kosa langu. Mashine ya bibi ilikuwa na maua ya rangi ya dhahabu mwilini, yamefifia chini ya uchafu. Nikataka yang'ae. Nikachukua spiriti na kitambaa, na kwa kiherehere nikamalizia na stilwaya. Rangi ya juu ya mashine zile inayeyuka kwa spiriti. Dakika kumi, upande mmoja ukabaki mweusi mtupu. Siku hizi natumia oili ya cherehani na pamba, nasugua taratibu, na ua likianza kuacha rangi kwenye pamba naacha hapo hapo na uchafu wake.

Nilimpelekea bibi ikiwa inashona vizuri, mkanda mpya wa ngozi, haina kelele. Akakaa, akakanyaga, akashona pindo la kanga bila kusema neno. Halafu akapitisha kiganja ubavuni mwa mashine, akaniuliza, "Mjukuu wangu, maua yangu umeyapeleka wapi?"