Nguzo imefika, umeme bado: majibu ya maswali yenu

Meseji zimekuwa nyingi wiki hii na nyingi zinafanana, nimechagua sita. Yule aliyenitumia matusi ya siasa saa nane usiku nakuweka kiporo ndugu yangu.

Kaka, 2020 tuliambiwa tumeingia uchumi wa kati. Mimi nauza mahindi ya kuchoma Mbagala na hali ni ile ile. Nani aliingia?

Uliingia mdogo wangu, ila kwa wastani. Benki ya Dunia inachukua pato la nchi nzima inaligawa kwa vichwa, hesabu ya 2019 ikaja dola 1,080 kwa kila mtu wakati mstari wa kuvuka ulikuwa 1,036, ndo tukatangaziwa Julai 2020. Sasa chukulia skimu ya mpunga ina wakulima kumi, mmoja mwenye pampu na pawatila kavuna gunia 91, wale tisa kila mtu kaambulia gunia moja. Wastani hapo ni gunia kumi kumi, na kwenye ripoti skimu inaonekana inang'aa kabisa.

Umaskini wenyewe una kipimo chake. Utafiti wa matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yani kama 1,600 kwa siku, hapo ule, uvae, uishi. Walioshindwa kufika hapo walikuwa asilimia 26.4 ya Watanzania, vijijini 31.3, Dar 8 tu. Kwa hiyo wewe wa Mbagala ukipata 2,000 kwa siku kwa kila kichwa nyumbani kwako, kwa mstari ule karatasi inasema umeshavuka, haiulizi mtoto akipata malaria wiki ijayo utarudi wapi.

Shikamoo. Nguzo iko hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, huu mwaka wa tatu nawasha kibatari. Kila mtu ananiambia "si 27,000 tu mama". Mimi ndo mzembe? (Kilosa)

Marahaba mama yangu, we sio mzembe hata kidogo. Hiyo 27,000 ni ya kuunganishwa kijijini, mjini inazidi laki tatu, kwa hiyo serikali hapo kweli imebeba mzigo na tuseme ukweli. Shida inaanzia ukishaingia ndani. Kule kwetu nilikaa na jirani yangu mmoja na fundi wake chini ya mwembe tukawa tunaandika kwenye daftari la mtoto, mabomba, nyaya, swichi, soketi, meini swichi, hela ya fundi, nauli ya kufuata vifaa mjini, nyumba yenyewe vyumba vitatu, na tulipofika chini ya ukurasa ilikuwa imepita mara kumi ya ile 27,000. Jirani akafunga daftari akasema basi acha ndama akue kwanza. Yule ndama ndo umeme wake.

Na hapo ndo penye ujanja ambao wengi hawauoni, kijiji kinahesabika kimefikiwa nguzo ikishasimama, wewe na kibatari chako hauonekani popote kwenye hesabu. Cha kufanya: ulizia UMETA, Umeme Tayari, kwa jina lake kabisa. Ni kiboksi kinachofungwa ukutani, kina pa kuchomeka na pa kuunga taa, kimetengenezwa kwa ajili ya nyumba ndogo zisizohitaji wairingi nzima. Ila muwahi mkandarasi wa REA, wakala wa nishati vijijini, akiwa bado kijijini, akishapakia ngazi zake kwenye gari kumpata tena ni shughuli.

Elimu bila ada, lakini mwanangu karudishwa nyumbani sababu ya mchango wa mlinzi na mtihani wa kila wiki. Ni halali?

Kumrudisha mtoto si halali. Ada iliondolewa mpaka kidato cha nne Januari 2016, kidato cha tano na sita ikafuata 2022, na Januari 2018 rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni akiwa mkali kweli kweli, baadaye ikafafanuliwa kwamba wazazi wakitaka kuchangia wachangie kwa hiari na sio kupitia kwa mwalimu. Sare, madaftari na peni ni juu yako mzazi.

Ila simtetei mwalimu mkuu wala simsulubu. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilipangwa wakati wa MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, 2001, dola 10 kwa mtoto kwa mwaka, kipindi hicho ikawa kama shilingi elfu kumi. Shilingi elfu kumi ikabaki pale pale miaka na miaka huku chaki ikipanda bei. Madarasa yamejaa, mlinzi anataka mshahara, unadhani hela inatoka wapi? Nenda kwenye kikao cha kamati ya shule uombe kuona mapato na matumizi, yanatakiwa yawe wazi kwa wazazi. Usiende peke yako, nendeni hata wanne.

Tuko wanawake watano tunashona. Mkopo wa halmashauri tunazungushwa miezi saba sasa. Kuna mtu wa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, anatupa leo leo. Tuchukue?

Hapana jamani. Piga hesabu, mtu akikupa laki ukarudisha laki na thelathini ndani ya mwezi, cherehani inamshonea yeye. Ule wa halmashauri hauna riba, ni asilimia 10 ya mapato ya ndani na sheria iliwekwa 2018, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ulisimamishwa Aprili 2023 baada ya kukutwa vikundi hewa na mabilioni yasiyorudi, ukafunguliwa tena 2024, ndo maana sasa hivi kila karatasi inakaguliwa mara tatu. Yani aliyeiba kaondoka na hela, foleni kawaachia nyie.

Andikeni barua kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri hamjawahi kwenda.

Mume wangu amefariki, shemeji zangu wanasema shamba ni la ukoo nirudi kwetu na wanangu watatu. Mwenyekiti wa kijiji yuko upande wao. (Singida)

Pole sana dada yangu. Kwanza usitoke hapo shambani, endelea kulima, na usiweke dole gumba kwenye karatasi yoyote ambayo hujasomewa na mtu unayemwamini.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Wakati huo huo tangazo la sheria za mila la 1963, linalompunja mwanamke kwenye urithi, bado halijafutwa, na shemeji zako wanaegemea humo hata kama hawajawahi kuliona. Nchi moja, karatasi mbili zinagombana, na anayeumia katikati ni mjane. Hili linanikera kuliko yote niliyojibu leo.

Kafungue mirathi mahakama ya mwanzo, beba cheti cha kifo, na cheti cha ndoa au mashahidi wa ndoa. Baraza la ardhi la kijiji kazi yake ni kusuluhisha, halina mamlaka ya kukuhukumu uondoke. Tafuta msaidizi wa kisheria, wanatambuliwa kwa sheria ya 2017 na huduma yao ni bure, ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani watakuonyesha walipo. Huyo mwenyekiti akikuita tena omba akuandikie anachokisema. Utaona anavyopunguza sauti.

Serikali inataka asilimia 80 tupikie nishati safi ifikapo 2034. Mbona mkaa bado uko kila kona?

Kwa sababu mkaa unauzwa kwa kopo na gesi inauzwa kwa mtungi. Anayepata hela yake jioni anahitaji moto wa jioni ile ile, ukimwambia kwa mwezi gesi ni nafuu anakuelewa vizuri tu, hana ya mwezi. Kuna mitungi yenye mita, unalipia kidogo kidogo kwa simu kama luku, Dar ipo, hiyo ndo ningependa ifike mikoani kabla ya semina nyingine ya kutuelimisha madhara ya moshi. Moshi tunaujua. Mimi mwenyewe mtungi wangu umeisha tangu Jumanne na haya majibu nayaandika maharage yakiwa kwenye jiko la mkaa.