Matone ya pilokapini, maumivu ya nyusi na giza la jioni

Dada, mpe mama pole. Unauliza kwa nini tangu aanze matone ya pilokapini ya presha ya macho anaumwa juu ya nyusi, na jioni haoni vizuri. Ni misuli. Nyuma ya ile duara ya rangi ya jicho kuna msuli wa mviringo. Pilokapini huukaza, nao ukikaza huvuta na kupanua vinjia vya kutolea maji ya ndani ya jicho, presha ikashuka. Mkazo huo ndio unaouma, na kwa wengi hupungua baada ya siku kadhaa. Dawa hiyohiyo hubana mboni ikawa kama tundu la sindano, ndiyo maana magharibi mwanga haumtoshi. Usiku asitembee peke yake, tafadhali.

Lakini asiache dawa kimyakimya: uoni ulioliwa na presha haurudi. Mwelezeni daktari, dawa nyingine zipo. Timololi hupunguza maji yanayotengenezwa bila kuukaza msuli huo (mwenye pumu aseme kwanza). Latanoprosti hupitisha maji katikati ya nyuzi za msuli wenyewe.

Akiona vimulimuli, vidoa vingi vya ghafla au kivuli upande mmoja, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.