Mliobatizwa juzi na mnauza dagaa, anzeni na sado

Wengi wenu mnaokuja darasa la waamini wapya mnafanya kazi hapa Kigoma, Kibirizi, Ujiji au soko la Mwanga, na swali lenu ni lile lile: nimeokoka, sasa nifanyeje? Mnategemea kuambiwa habari za kufunga, kukesha na kutoa zaka. Hayo mchungaji atawafundisha. Mimi niliyezeekea kwenye dagaa nasema anzeni na sado, ile ndoo ndogo ya kupimia.

Paulo anawaambia Wakolosai kwamba Mungu alituokoa kutoka nguvu za giza, akatuingiza katika ufalme wa Mwana wake (1:13). Shida ni kwamba sisi hatujawahi kuishi chini ya mfalme. Wazee wa Buha walimjua Mwami, mfalme wa Waha, lakini utawala wa machifu ulifutwa baada ya Uhuru, na tuliobaki tumezoea viongozi wa kura: asipokupendeza, unasubiri uchaguzi. Yesu hapigiwi kura. Ukishamwita Bwana, mjadala wa nani ana kauli ya mwisho kwenye meza yako ya biashara umekwisha. Ndiyo maana aliuliza kwa nini wanamwita "Bwana, Bwana" na hawayatendi anayosema (Luka 6:46).

Sasa sado. Mnaijua ile iliyobonyezwa kitako, chini imeingia ndani, dagaa wakijaa juu mteja haoni kitu. Mnajua pia kuweka waliovunjika chini na wanaong'aa juu, na kuwaita dagaa wa chanja, yaani walioanikwa juu ya chanja, wale walioanikwa mchangani. Anayeumia zaidi ni mnunuzi wa mbali. Mzigo unapanda treni, anaufungua Tabora au Dar es Salaam, na mchanga unamkwaruza meno yeye na watoto wake. Hawezi kurudi Kigoma kwa ajili ya sado tatu, na wewe unalijua hilo wakati unapima. Walawi 19:36 inadai mizani ya haki na vipimo vya haki, na haitofautishi mteja wa karibu na wa mbali.

Mtaambiwa soko zima linapima hivyo. Sitawadanganya: ukipima kamili, bei yako itaonekana kubwa kuliko ya jirani, na mwanzoni wateja watakupita. Sema wazi kwamba kipimo chako ni kizima, mwonyeshe mtu sado tupu kabla hujajaza, halafu mwache achague. Wenzetu Waislamu wana sura nzima katika Kurani, ya 83, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Itakuwa aibu kama mteja wa Ujiji atalazimika kumkimbia mlokole ili apimiwe vizuri.

La pili ni mali kauli. Biashara yetu inasimama juu ya neno la mtu: unachukua mzigo leo bila hela, unalipa ukishauza. Yesu anasema maneno yetu yawe ndiyo, ndiyo. Siyo, siyo (Mathayo 5:37). Kwa hiyo usiape "haki ya Mungu" ili upewe gunia. Na kabla ya kutaja siku ya kulipa, tazama mwezi. Mbalamwezi ikiiva, taa haziwavuti dagaa na vyombo vinapumzika. Ukiahidi kulipa katikati yake kwa dagaa ambao bado wako ziwani, umeahidi hewa. Mambo yakikwama, mpigie mwenye mali siku moja kabla. Kuzima simu halafu Jumapili ukaimba kwaya mstari wa mbele, watu wanaona, na wanaongea.

Wenye vipe, yaani vyombo vya kuvulia, nyie ni matajiri wa watu, mnaowaajiri wavuvi. Gharama ya mafuta inakatwa mara moja kabla ya mgawo, siyo mara moja mbele ya wavuvi na mara ya pili kwenye daftari lako. Someni Yakobo 5:4, ujira uliozuiwa unapiga kelele. Sina la kuongeza.

Hirizi ya chombo, itoe.

Mwaka 2024 Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane, kishawishi kilikuwa mzigo wa kificho, ambao bei yake ilikuwa tamu. Ziwa likifungwa tena, msiununue. Wekeni akiba mapema, au geukieni mawese kwa muda. Ni vigumu, hasa kwa mwenye ada za watoto, na kanisa linalohubiri utii huo lijiandae kusaidia unga.

Swali linalokuja mwishoni mwa darasa kila mara ni la waliopunjwa zamani. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, na nusu ya mali yake akawapa maskini (Luka 19:8). Torati katika Hesabu 5:7 iliagiza kurudisha chote na kuongeza sehemu ya tano. Unayemjua, mfuate, umwambie kiasi, umpe. Kama huna zote, mpangiane. Usiowajua, na kwa muuza sado hao ndio wengi, toa fungu hilo kwa wajane na wagonjwa wa mtaani kwako, tena kimya kimya. Msilete ushuhuda wa fedha hizo madhabahuni, na wala msizihesabu kama zaka.