Unafufua pikipiki kubwa ya zamani Dar? Tafuta namba kabla ya kutafuta spea

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu Honda CBR600F yangu ya mwaka 1996 ni hili: "Kaka, spea unatoa wapi?" Anayeuliza mara nyingi ameshaona pikipiki ya namna hiyo inauzwa mahali, bei imemvutia, na anaogopa akiinunua itaishia kufunikwa turubai nyuma ya nyumba. Woga huo una msingi. Kariakoo imejaa maduka ya spea za pikipiki, lakini karibu zote ni za Boxer, TVS na zile za Kichina za bodaboda. Ukitaja mashine ya silinda nne, muuzaji anakuangalia kwa huruma.

Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya pikipiki haikutengenezwa na kampuni iliyoandikwa kwenye tangi. Beringi, sili, taa, plagi na cheni ni vitu vya vipimo vya kawaida, na kila kimoja kina namba. Safisha beringi ya gurudumu ukakuta imeandikwa 6204-2RS, basi popote duniani hiyo ni milimita 20 ndani, 47 nje, unene 14, na 2RS maana yake ina kifuniko cha mpira pande zote mbili. Mzee mmoja ninayenunua beringi kwake Kariakoo hataki kabisa kusikia habari za modeli. "Kijana, nipe namba, pikipiki yako achana nayo." Beringi anayoniuzia ndiyo anayomuuzia mwenye pampu ya maji na mwenye mashine ya kusaga.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni kalipa ya kupimia. Sili ya oili ina vipimo vitatu, yaani kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene. Ukiwa navyo unaweza kuulizia duka lolote la sili. Ila shokabu za mbele zina masharti yake. Sili yake imetengenezwa kwa chuma kinachopanda na kushuka, na sili ya shafti inayozunguka haitadumu hapo hata kama vipimo vinalingana.

Yale yasiyo na mbadala mjini ndiyo yapewe pesa ya kuagiza nje. Cheni ni mfano mzuri: bodaboda nyingi zinatumia 428, pikipiki hizi zinataka 525 au 530, na hakuna ujanja wa kuzikutanisha. Cheni na sproketi zake zote mbili zibadilishwe kwa pamoja, maana sproketi iliyochakaa inaila cheni mpya haraka. Mipira ya ndani ya kabureta na ya kalipa za breki nayo agiza. Kusanya mahitaji yote kwanza, kisha uagize kifurushi kimoja, kwa sababu usafirishaji na ushuru wa vifurushi vidogovidogo vitamaliza bajeti kabla spea hazijafika.

Katika kuagiza pia, namba ni mali. Namba ya spea ya Honda ina sehemu tatu, na ile ya katikati inaonyesha modeli ambayo kipuri kilitengenezewa kwanza. MAL ni CBR600F iliyotoka 1995, wapenzi wake huiita F3. MV9 ni ile iliyoitangulia, ya 1991. Ukifungua orodha ya spea za F3 unakuta nyingine zina MV9 katikati, ikimaanisha kwamba pikipiki ya zamani zaidi iliyokatwa vipande huko Uingereza au Japani inaweza kukufaa. Tafuta kwa namba, usitafute kwa jina la pikipiki, utaona bei zinavyoshuka.

Hili linagusa pia namna ya kununua pikipiki yenyewe. Mimi ningechukua isiyowaka lakini kamili kuliko inayowaka huku imepungukiwa vitu. Injini iliyokaa inaweza kuamshwa. Bodi ya plastiki, vyuma vyake vidogo vya kushikilia, swichi ya ufunguo na kifuniko cha tangi ndivyo vitakavyokutoa jasho. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, uhakikishe aliyetajwa humo ndiye anayekuuzia, kisha ubadilishe umiliki TRA mapema ukiwa na TIN yako. Akikwambia kadi ipo kwa ndugu yake mkoani, muage kwa heshima uondoke.

Sasa umeme, maana hapa ndipo mafundi wengi wa mtaani hukisia. Nunua testa ya bei ndogo. Betri nzuri iliyochajiwa na kupumzika inasoma takriban volti 12.6. Washa injini, panda hadi mizunguko 5,000 kwa dakika, upime tena kwenye betri. Unataka kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki chini ya 13, chaji haifiki. Ikipita 15, betri inachemshwa. Kwenye pikipiki za Kijapani za miaka ya 1990, regyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, ndiyo mshukiwa wa kwanza, lakini usiinunue kabla ya kuchunguza nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye jenereta. Zichomoe, pima kila mbili kwa pamoja. Usomaji uwe sawa kwa jozi zote tatu, na hakuna hata moja inayogusana na bodi ya injini. Angalia na soketi yake. Mara nyingi plastiki imeyeyuka kwa joto, na hiyo peke yake inatosha kuleta tatizo lote.

Fundi atakwambia afunge regyuleta ya bodaboda. Nyingi hazifai, zimetengenezwa kwa jenereta ndogo isiyo na nyaya tatu. Badala yake tafuta regyuleta ya mosfeti (aina ya transista) kutoka pikipiki kubwa ya miaka ya karibuni, hata iliyotumika. Inafanya kazi kwa joto dogo zaidi. Kwa pesa yake, sijaona maboresho yanayoishinda.

Kabureta zinahitaji utulivu. Petroli iliyokaa miezi inageuka gundi, na jeti ya sailensi ina tundu lisilofika nusu milimita. Shusha kabureta zote nne zikiwa zimeungana, usizitenganishe. Fungua vikombe vya chini, toa jeti, loweka kwenye dawa ya kusafishia, kisha puliza kwa kompresa. Fundi akishika waya ili azibue, mzuie, kwa sababu shaba ni laini na tundu likipanuka mchanganyiko wa hewa na petroli unaharibika moja kwa moja. Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ikaze taratibu hadi mwisho huku ukihesabu mizunguko, uandike, ndipo uifungue. Kulinganisha mvuto wa kabureta si lazima ununue geji. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye oili kidogo, unaunganishwa kwenye kabureta mbili kwa wakati mmoja, na oili inasogea upande unaovuta zaidi. Nenda nao polepole, oili isije ikanywewa na injini.

Kuna jambo la Dar ambalo vitabu vya mafundi wa nje havilitaji, nalo ni maji. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na sehemu nyingi za kuoshea magari zinatumia maji hayo. Rejeta ya pikipiki hizi ni ya alumini na njia zake ni nyembamba. Weka kulanti iliyochanganywa tayari au tumia maji yaliyosafishwa kama ya betri, kamwe usiweke ya kisima. Hata kuosha kwa nje, suuza mwisho kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa kwenye cheni na soketi za nyaya. Kisha jaribu feni. Kwenye nyingi za enzi hizo, ukichomoa waya wa swichi ya joto ukaugusisha kwenye chuma cha bodi ufunguo ukiwa umewashwa, feni inatakiwa kuzunguka. Isipozunguka, usiipeleke pikipiki kwenye foleni ya Tazara saa nane mchana.

Oili chagua yenye maandishi ya JASO MA, alama ya Kijapani ya oili za pikipiki. Klachi imezama ndani ya oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za magari zina viungo vinavyoifanya iteleze.

Breki sitaki mchezo nazo. Mafuta ya breki, DOT 4, yanavuta unyevu kutoka hewani na hali ya hewa yetu ni ya unyevu, kwa hiyo ya mmiliki aliyepita yamwage yote. Mipira inayopitisha mafuta ya breki, ile ya miaka ya 1990, inatuna ukiminya. Badilisha kwa ile iliyosukwa kwa nyuzi za chuma, iliyotengenezwa mahsusi kwa breki. Usikubali kubaniwa mpira wa haidroliki wa mashine za ujenzi, kwani mafuta ya breki yanaweza kuula kwa ndani. Kwenye tairi soma tarakimu nne ubavuni: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi la hivyo linaweza kuwa na kashata zote na bado likateleza kwenye mvua ya masika, kwa sababu mpira umeshakauka.

Wengi wanaanza na ekzosi ya kelele. Naumia kuona pesa hiyo inatolewa wakati shokabu za mbele zinavuja. Kelele haiongezi chochote kwenye matuta ya Kilwa Road, na ukibadilisha ekzosi bila kurekebisha jeti, injini inaweza kuungua kavu, yaani kwa petroli pungufu. Oili mpya ya shokabu inabadilisha tabia ya pikipiki nzima. Halafu funga kamba ya plastiki ya kubania nyaya kwenye bomba la shokabu, keti juu yake rafiki akiishikilia wima, kisha pima imezama kiasi gani kwa uzito wako. Milimita 30 hadi 40 inafaa kwa barabara. Ikizama zaidi, kaza springi kabla ya kununua chochote.

Safari ya kwanza ndefu iwe Bagamoyo, asubuhi na mapema, kwa mwendo wa wastani, ukiwa na testa na spana kwenye begi. Ukifika, acha injini ipoe, pitia bolti za kalipa, ekseli na bodi moja moja, pima ulegevu wa cheni, angalia chini kama kuna tone la oili au kulanti. Kinachovuja kiandike kwa namba yake ya spea, kiingie kwenye kifurushi kinachofuata.